Mwaka wa Dalia za Mama Zuhura

Habari ya kifo cha Mama Zuhura ilinikuta nikigombana na maua. Nasema kugombana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nimeinama kwenye kibustani changu nyuma ya nyumba ya kupanga, hapa Butembo, nikizisuta zinia zangu kwa sauti ambayo majirani wameshaizoea. Majani yalikuwa yamepata weupe kana kwamba mtu ameyapaka unga wa muhogo, ule ugonjwa wa ukungu na baridi, na vichwa vilikuwa vimeinama kabla hata ya kufunguka. "Kule Beni mlikuwa mnaota hata jalalani," niliziambia, "hapa mnajifanya wagonjwa wa hospitali." Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Zuhura, binti yake, na kabla hajasema neno nilijua, kwani Zuhura hunipigia jioni akimaliza kazi za nyumba, hanipigii asubuhi. "Mama ametuacha," akasema. Nikakaa chini palepale kwenye matope, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikalia hadi mwenye nyumba akatoka kuuliza kama nimeumwa na nyoka.

Waislamu hawacheleweshi maiti, kwa hiyo alasiri ileile wanaume walikuwa wamekwisha kwenda makaburini, na sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake juu ya mikeka, na chai ya tangawizi ikizunguka. Mimi ni wa kanisa, lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunihesabu mgeni. Nilikaa karibu na mlango wa nyuma, na mlango ulikuwa wazi, na kupitia hapo nikaona dalia zake. Zilikuwa zimefika kifuani mwa mtu: nyekundu, za zambarau, za manjano, nzito, zimeshiba mvua na ukungu, na ortansia nyuma yake zina vichwa vikubwa kama sahani. Hazikuwa na habari kabisa kwamba aliyezipanda amefukiwa. Nilizichukia kidogo, nasema kweli. Halafu chuki ikaisha, nikabaki na hamu. Nilikuwa na hamu naye, na joto la Beni, na mwaka ule mmoja ambao yeye na mimi tuliishi chini ya bati moja, tukizilea dalia hizihizi mahali ambapo hazikutaka kukaa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitoka Mangina kuja kusoma Beni, nikawekwa kwa Baba Zuhura, mwenye lori, aliyekuwa akinunua kahawa kwetu; mengine ya nyumbani nayaacha, hayana kazi hapa. Nyumba ilikuwa mpya. Bado ilinuka saruji na rangi, na sebule ilikuwa na madirisha makubwa kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule, kwa sababu Baba Zuhura alikuwa ameijenga kwa ajili ya mke wake na alimjua kuwa mtu wa kupenda mwanga. Kwa miaka mingi yeye aliishi barabarani, akipandisha chumvi na sabuni, akishusha viazi, vitunguu na maharagwe kutoka Kirumba na Butembo, na mke wake alikaa Butembo akimngojea. Sasa alikuwa amechoka. Alitaka akirudi nyumbani amkute mke nyumbani. Wiki ile niliyofika mimi na sanduku langu, ndiyo wiki aliyofika Mama Zuhura, amekaa mbele ya lori na sweta ya sufu mwilini, jasho linamtoka, mapajani amepakata kikapu kama mtu anayepakata mtoto.

Chakula cha kwanza nakumbuka mpaka leo: fufu ya muhogo, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, na ndakala, wale dagaa, wa kukaanga. Tulikula sebuleni, sisi wanne: Baba Zuhura, Mama Zuhura, mimi, na Shangazi Mwamini, dada ya Baba Zuhura, mjane, mzaliwa wa Beni, aliyekuwa ameshika jiko na hakuwa na nia ya kuliachia. Mama Zuhura alikula matonge mawili, akanawa mkono, akasema: "Baba Zuhura, niko nakuambia mbele ya dada yako na mbele ya huyu mutoto wa masomo, kesho mutu asiseme hakusikia. Nimekuja na dalia yangu. Nitaipanda hapa. Kama udongo ya Beni itaikubali, ikatoa maua mbele ya mwaka kuisha, na miye nitakubali, nitabaki hapa mpaka kufa. Kama itaikatala, mi narudia Butembo, na hapana mutu ataniuliza kitu." Baba Zuhura alicheka, tonge likiwa mkononi. Alikuwa mwanaume mkubwa, mabega yake yalijaza mlango, na alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. "Donc maua njo itakata maneno yetu, Mama Zuhura?" "Ee," akasema. "Maua hapana kupendelea mutu." Akakubali palepale. Mtu ambaye maisha yake yote ni kubeba vitu kutoka huku kuvipeleka kule, ataaminije kwamba kuna kitu kisichoweza kuhamishwa?

Wala Mama Zuhura hakuwa mkaidi wa bure, msimfikirie vibaya. Huko Butembo alimwacha Zuhura na mtoto wa kwanza kifuani. Aliacha dada zake, msikiti aliouzoea, asubuhi za ukungu ambapo mtu anapasha mikono juu ya kikombe. Beni ilimchoma. Mchana alikaa kwenye baraza na miguu ndani ya beseni la maji, kanga kichwani, akisema, "Mungu wangu, hii ni hewa ao ni supu?" Mimi nilimcheka kwa siri, binti wa Mangina niliyezaliwa kwenye joto. Sasa mimi ndiye ninayelala na soksi na blanketi mbili katika mji wake, na wenyeji wema wananiambia, "Utazoea, mama, utazoea." Miaka inapita tangu tulipokimbia mtaa wetu wa Ruwenzori, kule Beni, na watoto na magodoro juu ya pikipiki, risasi zikisikika nyuma yetu, na bado sijazoea. Kila wakiniambia utazoea namkumbuka na beseni lake, na naona aibu ya kile kicheko changu.

Nusu ya dalia alizipanda wiki ileile, karibu na dirisha la sebule. Nusu nyingine aliziacha kapuni, mizizi yake minene imefunikwa majivu isiharibike, akaweka kikapu kwenye dari ndogo ya jikoni, juu ya moshi, zingoje mvua. Kwao ndivyo wanavyofanya. Mimi sikuwa nimewahi kuona dalia. Niliona vitu kama viazi vyembamba vilivyoshikana shingoni, nikauliza hiki ni nini, akanichorea ua kwa kidole kwenye vumbi, petali juu ya petali, mpaka vumbi likajaa. "Ikitoka utaniambia kama umesha ona kitu ya namna hii," akasema. Kila asubuhi kabla ya shule tulimwagilia pamoja, mimi nabeba ndoo, yeye na mkebe wa maziwa ya unga aliotoboa matundu chini. Alinifundisha kumwaga polepole kwenye shina, si juu ya majani. Akimaliza alininyoosha kola ya shati, akanitia andazi la moto mkononi, lenye iliki, akaniambia, "Enda, usome na sehemu yangu." Hakuna aliyewahi kuninyoosha kola kabla yake. Kwetu tulikuwa wengi. Mwezi haukuisha nikawa nimeshampenda, na tangu hapo yale mapatano ya mezani yakawa yangu pia. Kila chipukizi nililihesabu kuwa siku moja zaidi ya yeye kubaki.

Lakini kiangazi kile hakikuwa na huruma. Chipukizi zilitoka, nyororo, za kijani kilichofifia, na saa sita jua la Beni likazilamba. Tulizifunika na majani ya migomba, tukazimwagia mpaka maji ya kuoshea vyombo, na bado zilikauka moja moja, majani yakijikunja kama karatasi karibu na moto. Wakati huohuo, upande wa ua, zilikuwa zinaota zinia. Mke wa mchungaji wetu alinipa vichwa vikavu viwili, nikavipukuta nikatupa mbegu kando ya uzio bila hata kuchimba, na hizo zikapanda kama zilizoitwa kwa jina. Zilitoa maua ya rangi ya chungwa na ya waridi katika vumbi, bila maji, kuku wakizikwaruza. Niliona fahari. Mama Zuhura alizitazama kwa jicho la pembeni. "Haya maua yako hapana haya," akasema. "Inachekeaka kila mutu mwenye kupita." "Lakini iko inaota, Mama." "Ee, inaota. Hata magugu inaota." Shangazi Mwamini, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, alitoa maoni yake, ambayo hayakubadilika mwaka mzima: "Miye naona mungelipanda lengalenga. Ile angalau mutu anakula."

Na hapo ndipo pa kueleza lililotokea, maana ni la nyumba ile tu na lisingetokea penginepo. Lori la Baba Zuhura kila liliposhuka kutoka Butembo lilileta chakula. Viazi, karoti, poro, maharagwe ya kila rangi, matunda ya huko juu ambayo sisi wa chini hatukuyajua majina. Shangazi alishaizoea kazi hiyo: kinachotoka juu huoshwa, humenywa, hupikwa. Siku moja walikuja wageni, wafanyabiashara wawili wa kahawa wenye heshima zao, na Baba Zuhura yuko safarini, na Mama Zuhura amekwenda kumpa pole jirani aliyefiwa. Shangazi akatazama jikoni, mchele kidogo, muhogo hakuna. Akainua macho, akaona kikapu darini. Majivu! Sisi wa Beni mateke, yale magimbi yetu, na viazi tunavihifadhi kwenye majivu. Akakishusha. Mimi nilirudi shuleni nikakuta wageni wamekaa sebuleni na sahani zao, mchuzi wa nyama mzuri kabisa, na pembeni vipande vyeupe vinavyong'aa. Wanatafuna taratibu. Mmoja, mzee mwenye kofia ya kufuma, alimeza kwa shida kidogo, akasema kwa adabu: "Shangazi, hivi viazi ya juu iko na utamu yake, lakini inataka meno." Mwenzake akaitikia kwamba huko kwenye baridi kila kitu ni kigumu.

Nilikimbilia jikoni. Kikapu kilikuwa tupu. Nilimkuta Shangazi anafuta jasho, amefurahi, ananionjesha: "Shika, mutoto, ni viazi ya Mama Zuhura, alificha!" Kabla sijamwambia ni nini, Mama Zuhura aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akafunua sufuria kuangalia wageni wamelishwa nini, kama mwanamke yeyote mwenye nyumba. Alitazama. Akachukua kijiko, akageuza kipande kimoja, akakitambua kwa shingo yake. "Mwamini," akasema polepole, "umepika dalia yangu." "Nimepika nini?" "Maua. Umepikia bageni maua." Shangazi akaweka mikono kichwani. "Yesu... astaghafiru! Mi nilizani ni viazi! Kila kitu camion inaleta toka Butembo si tunakulaka? Nani anawekaka maua mu jikoni?" Mama Zuhura akaanza kucheka. Alicheka akishika mlango, akakaa chini akicheka, Shangazi naye akacheka kwa woga, mimi nikacheka, na sebuleni wageni, wasiojua kitu, nao wakacheka kwa kutusikia. Halafu nikaona kicheko cha Mama Zuhura kimegeuka. Mabega yalikuwa yanatikisika vilevile, lakini alikuwa analia, na kanga ameishika mdomoni wageni wasisikie.

Baba Zuhura aliporudi, dada yake alimsimulia huku anapiga magoti. Alicheka kile kicheko chake mpaka akakohoa, kisha akamwona mke wake amekaa barazani anatazama mahali palipokuwa na dalia za kwanza, vijiti vikavu tu, na kicheko kikakatika. Nilikuwa nyuma ya dirisha na kitabu cha jiografia. Nikamsikia anauliza, "Sasa ni nini, Mama Zuhura? Unarudia?" Akajibu, "Hapana bado. Neno ni mwaka. Hii moja jua iliikula, ingine bageni baliikula. Beni bado haijasema." Alisema kwa sauti ya mtu mwenye haki. Nilimpenda zaidi kwa hilo, maana angeweza kufunga vikapu vyake siku ileile na hakuna ambaye angemlaumu. Kesho yake mume wake akapakia chumvi na kupanda Butembo, siku ambayo haikuwa ya safari.

Alirudi mchana wa jua kali. Lori lilisimama mbele ya lango, likiwa limekaa chini kwa uzito, na vijana wakashusha magunia ya viazi, wakashusha vitunguu, na chini yake, lori zima, ubavu kwa ubavu, udongo. Udongo wa Butembo, mweusi, wenye unyevu bado, na minyoo yake na vipande vya mizizi ya mikaratusi. Juu yake, katika gunia lenye maji, mizizi mipya ya dalia kutoka kwa Zuhura. Mtaa mzima ulitoka. "Baba Zuhura! Beni tumekosa udongo?" wanawake walipiga kelele. "Iko, iko," akasema, tayari amevua shati na ameshika chepe, "lakini hii njo inamujua Mama Zuhura." Wakapiga vigelegele. Hata mke wa mchungaji wetu alikuja kuona, akarudi nyumbani, na nasikia mume wake aliulizwa siku hiyo yeye amewahi kumbebea mtu nini. Walichimba lile tuta chini ya dirisha mpaka kina cha kiuno, wakatupa udongo mwekundu, wakajaza mweusi. Mama Zuhura alisimama barazani. Aliteremka, akachota kiganja kimoja, akanusa, macho amefumba, akakaa hivyo kitambo. Halafu akaingia ndani. Mimi nilidhani ni furaha. Nilidhani tumeshinda, na usingizi ulinipita kwa kupanga mambo ya mwaka ujao, yeye na mimi.

Mvua zikaja, na mimi sijawahi kuona kitu kinaota namna ile. Dalia zilipanda. Baba Zuhura aliziwekea paa la majani juu ya fito, jua liingie asubuhi tu, na kila aliporudi safarini alikwenda kwanza kwenye tuta, na vumbi la barabara bado kwenye nyusi, akainama, akauliza, "Bamesemaje?" Nami nikamjibu, "Bameongeza majani, Baba." Jikoni kulikuwa na amani, Shangazi Mwamini, kwa toba yake, alizimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele na kuwafukuza kuku kwa fimbo. Jioni tulikula barazani, samaki wa ziwani kutoka Vitshumbi wakipatikana, maharagwe wasipopatikana, na Mama Zuhura alinitaka nisome masomo yangu kwa sauti. Alipenda jiografia. Alipenda kusikia kuwa kuna nchi ambako maua yote hufa na theluji na kurudi. "Bale ba mama banavumilia," alisema. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya ujana wangu, na mimi nilikuwa najua kuwa ni mizuri wakati uleule naishi, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Zikachanua. Ya kwanza ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, petali juu ya petali, kama alivyonichorea kwenye vumbi. Halafu nyingine, na nyingine. Zilikuwa ndogo kuliko zile ninazoziona leo hapa Butembo, na shina jembamba, zikiegemea vijiti, lakini zilikuwa dalia, Beni, mbele ya mwaka kuisha! Baba Zuhura aliita majirani, akachinja mbuzi, Mama Zuhura mwenyewe akapika pilau, na wale wageni wa kahawa walialikwa wakatambulishwa kwa chakula chao cha siku ile, na mzee mwenye kofia akaapa kwamba alijua tangu tonge la kwanza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Watu walipoondoka, jua likiwa limelegea, Baba Zuhura akaketi barazani karibu na mke wake. Shangazi na mimi tulikuwa tunakusanya sahani. Akasema, na kulikuwa na ushindi mtamu katika sauti yake: "Basi, Mama Zuhura. Imekubali."

Mama Zuhura alikuwa anazitazama dalia. "Baba Zuhura," akasema, "hii ni udongo ya Butembo."

"Namna gani?"

"Udongo uliileta na camion. Dalia imekubali udongo ya kwao. Beni haikuulizwa kitu."

Niliweka sahani chini. Shangazi Mwamini akasema, "Eh, Mama Zuhura, maua ni maua," na Baba Zuhura akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akasema, polepole: "Kama ni udongo, nitaleta ingine. Nitaleta kila juma. Nitajaza parcelle yote, mpaka kwa lango, mpaka utakanyaga Butembo tu." Mama Zuhura akamshika mkono, mbele yetu, jambo asilolifanya kamwe. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Najua utaleta," akasema. "Wewe ni mwanaume ya kuleta. Hapana mwanamuke Beni yote mwenye aliletewa kitu kama mi. Lakini hata mi nitakuwa namna hii dalia. Utanifunika na majani, utaniletea maji, nitasimama na kijiti. Unataka bibi wa kusimama na kijiti?" Yeye akatazama chini, kwenye viganja vyake. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mama Zuhura kwa nini hakusema siku ileile lori lilipofika. Alinijibu, "Uliona uso yake na ile chepe? Nani angesema?"

Nimelibeba jambo hili maisha yangu yote na nimelihukumu kila upande. Nikiwa msichana nilimwona mkatili. Nilipoolewa nilimwona mjinga, kwani mume wangu hakuwahi kunibebea hata ndoo. Sasa, nikiwa hapa kwenye baridi na zinia zenye unga, najua alisema kweli tu, na kwamba kusema kweli kwa mtu unayempenda na anayekupenda kuna uchungu ambao sisi wengine tunaukwepa kwa kubaki na kununa. Hawakuachana, nisieleweke vibaya. Aliendelea kuwa mke wake, lori liliendelea kupanda na kushuka, na walionana kama walivyoonana zamani, kwa siku mbili tatu, na vitu vya kuletana. Aliyeachwa ni nyumba yenye madirisha makubwa. Na mimi.

Siku ya kuondoka alivaa sweta yake tangu Beni, akisema atazoea joto lake njiani. Alinyoosha kola yangu ingawa haikuwa siku ya shule. "Utamwagilia maua, Kahindo," akaniambia. "Asubuhi, ku shina." Nilikuwa nimejiapiza kutokulia, nikajibu kwa hasira, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mi hapana taka maua. Nataka weye." Watu wakatazama pembeni. Alinivuta kifuani, sufu ikanichoma shavu. "Najua, mutoto yangu," akasema. "Mi pia." Akapanda. Baba Zuhura akawasha lori bila kupiga honi, yeye ambaye alipiga honi hata kwa mbuzi, na likapanda barabara ya kusini mpaka vumbi likatua.

Baba Zuhura alirudi peke yake baada ya siku chache, mchana. Shangazi alimwekea chakula, hakukigusa. Alisimama kwenye dirisha kubwa la sebule, akatazama nje, akaniuliza kama nimemwagilia. Nikasema ndiyo, asubuhi, ila jua limezilegeza tena. Akatoka hivyohivyo, na koti lake la safari na viatu vya vumbi, akaenda kwenye pipa, akajaza ndoo. Nikamfuata. Mwanaume yule mkubwa alipiga magoti mbele ya tuta, akamimina polepole kwenye shina, moja baada ya nyingine, na zilikuwa hazina kazi tena, hakuna mtu wa kubembelezwa nazo. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Baba, acha. Amesha kwenda."

Hakugeuka. "Ee, amekwenda," akasema. "Lakini maua hapana kujua."

Nikaenda kuchukua ndoo ya pili.